Sinema Isiyokuwa na Shule

Wiki iliyopita wenzangu wa kituoni waliniandalia sherehe ya kustaafu. Nilipewa blanketi, chupa ya chai na fimbo ya kutembelea. Nina umri wa miaka thelathini na minne.

Fimbo ilikuwa wazo la Bwana Omwenga, ambaye yeye alistaafu kweli, kwa umri, na siku hiyo alirudi kwa ajili ya keki. "Mtu akistaafu hupewa fimbo," alisema. "Ulitaka tukupe nini, baiskeli?"

Ukweli ni kwamba kazi yenyewe ndiyo iliyostaafu, nami nikaondoka nayo. Kwa miaka kadhaa, katika kituo chetu cha vifaa vya kufundishia mjini Kisii, kazi yangu ilikuwa kutafuta filamu za kigeni za zamani, zile ambazo hazipatikani kwa urahisi, na kuwafikishia walimu wa sekondari wa Kisii na Nyamira wazitumie darasani. Sasa imeamuliwa kwamba kila kitu kiko kwenye simu. Si kweli, na nimelisema hilo katika kila mkutano, lakini sijawahi kuona mtu aliyebadilisha jambo lolote kwa kusema mkutanini. Kabati mmeachiwa ninyi wawili wa mashine ya kunakili. Nawaandikia ninyi, ili siku mtu atakapopiga simu aseme "kuna filamu niliwahi kuiona zamani," msimwambie akatafute kwenye mtandao.

Nilifika kazini na shahada yangu ya fasihi na filamu, pamoja na tabia ya kuuliza "unajuaje?" ambayo ilikuwa imenipotezea marafiki kadhaa chuoni. Mama yangu, Msabato mwenye shamba la chai na asiyependa mzaha, alikuwa ameniambia kwamba siku ya mwisho malaika akija kunichukua nitamwomba kitambulisho. Bwana Omwenga alinipokea mlangoni, akanipeleka moja kwa moja kwenye kabati. Ndani mlikuwa na kanda za video zilizoota ukungu mweupe, diski ndani ya bahasha za karatasi, mashine tatu za kuchezea na projekta moja yenye taa ambayo hairuhusiwi kuzimwa kwa pupa. Alinifundisha kufuta kanda kwa kitambaa cha pamba, taratibu, bila maji. Alinionyesha kwamba diski iliyotengenezwa kwa ajili ya bara moja hukataa kuchezwa kwenye mashine ya bara lingine, na akanionyesha mashine ya nne, imefichwa chini kabisa, isiyobagua bara lolote. Alinifundisha kubeba waya mrefu wa umeme hata shule ikisema inao. Hasa ikisema inao.

Halafu simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa historia, anatafuta filamu ya vita aliyoiona akiwa chuoni. Bwana Omwenga hakuuliza jina la filamu wala mtengenezaji wake wala mwaka. Aliuliza kitu kimoja.

"Uliona nini?"

Akasikiliza sana. "Farasi wa rangi gani?" Akasikiliza tena. "Na mvua ilikuwa inanyesha kabla au baada?"

Alipokata simu nilimwambia kwamba hiyo si njia ya kutafuta filamu. Kumbukumbu za watu hazitegemeki, nilisema, kuna utafiti mwingi juu ya hilo.

"Sawa," alisema. "Wewe, Moraa, tafuta kwa utafiti. Mimi nitamtafuta farasi."

Farasi alipatikana kabla ya mwisho wa muhula. Mimi nilikuwa bado naandika barua pepe ya kujitambulisha.

Kesi zilikuwa nyingi na zilikuwa na vituko vyake. Shule moja ya Wasabato tuliipelekea filamu ya upelelezi siku ya Ijumaa alasiri, tukasahau kwamba jua likizama Ijumaa kila kitu huzimwa. Jua likazama mpelelezi akiwa amekusanya watu wote sebuleni na kunyoosha kidole. Wanafunzi walikaa na kidole hicho kanisani Jumamosi nzima, na naambiwa mahubiri hayakusikilizwa. Shule nyingine, ilipofika sehemu ambapo mwanamke anaoga mtoni, naibu wa mwalimu mkuu aliruka akasimama mbele ya projekta. Mwanamke akaendelea kuoga mgongoni mwa koti lake. Mwambieni mwalimu kila kitu kilichomo kabla hajazima taa.

Lakini ninayetaka kuwaeleza ni Mwalimu Kwamboka.

Alifundisha Kiswahili katika shule ya kutwa upande wa Sironga. Hakupiga simu, alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mrefu, miwani mizito, na alipoingia aligusa ukingo wa meza kabla ya kuketi, nikadhani ni adabu. Nilimuuliza swali la Bwana Omwenga, maana wakati huo nilikuwa nimeshaacha ubishi.

"Niliona msichana amebeba kiti," alisema.

Wakati huo Mwalimu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, ameachishwa shule ili alee wadogo zake. Baba yake mkubwa, kaka mkubwa wa baba yake, alikuwa ameshaanza mazungumzo ya posa na watu fulani wenye ng'ombe. Baba yake hakusema lolote, na hakutarajiwa kusema, kwani mdogo hampingi mkubwa wake hadharani, hata kama kinachozungumzwa ni mtoto wa huyo mdogo. Ndipo gari la sinema likaja.

Ninyi hamkuliona, wala mimi. Wazee wanasema lilikuwa gari la kutangaza sabuni na mbolea. Lilizunguka soko kwa soko, giza likiingia linatundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, na katikati ya matangazo linaonyesha filamu yoyote iliyokuwemo. Kando ya shuka alisimama msemaji na kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa Ekegusii kinachoendelea.

"Nchi ilikuwa ya barafu," Mwalimu Kwamboka alisema. "Msichana anatembea peke yake milimani, amejifunga kiti cha mbao mgongoni kwa kamba. Anaanguka, anainuka. Kuna mbwa anamfuata. Anakwenda shule. Shule haina viti, kila mtoto aje na chake, na baba yake ametoa kiti chake mwenyewe. Mwishoni anafika kwenye nyumba ya mawe, anagonga. Anafungua mwanamume mwenye koti jeusi, ndiye mwalimu. Anamtazama, anamwambia: 'Umechelewa, lakini nafasi yako ipo.' Kisha msichana anaketi."

Aligusa tena ukingo wa meza.

"Soko zima lilipiga makofi. Baba mkubwa alikuwa amekaa mbele kabisa. Tukirudi nyumbani ndiye aliyesema, 'Kumbe hata hao wa barafu wanapeleka wasichana shule.' Asubuhi, yeye akiwa amesimama pale pale uani, Tata, baba yangu, akanipa kigoda chake."

Kama hamjui uzito wa jambo hilo, kaulizeni bibi zenu. Kigoda cha baba hakikaliwi na mtoto, sembuse wa kike. Yeye alikibeba hadi darasani akakikalia, watu wakanong'ona hadi wakachoka. Bado alikuwa nacho, alisema, kiko kwenye kona ya darasa lake, kinawekewa boksi la chaki.

"Unaitakia nini filamu sasa?" nilimuuliza.

"Ni presha ya macho. Jicho la huku limeshakwenda, na hili la pili linafuata. Nataka niitazame na darasa langu kabla haijawa redio."

Nilimwahidi kwa urahisi wa mtu anayedhani jambo lenyewe ni rahisi. Msichana, barafu, kiti, shule. Niliandikia hifadhi za filamu za nchi za baridi, wahadhiri, na vikundi vya wazee wanaokusanya filamu kama wengine wanavyokusanya stempu. Nilieleza kila mmoja: filamu ya msichana anayebeba kiti kwenda shule. Nililetewa msichana aliyebeba ngazi. Nililetewa msichana aliyebeba mbuzi. Bwana mmoja mkarimu alinitumia filamu ndefu sana kuhusu kiwanda cha viti. Muhula ukaisha, mwingine ukaisha. Kila nilipokwenda Sironga Mwalimu Kwamboka alikuwa amesogeza meza yake karibu zaidi na dirisha.

Siku moja nilichoka nikamwambia ninachowaza. Kwamba mtoto anaweza kuunganisha sinema mbili, au ndoto na sinema, na akaamini maisha yake yote.

"Kwa hiyo niliota?"

"Inawezekana, Mwalimu."

"Niliota na soko zima?" Hakukasirika. Aliniangalia jinsi anavyomwangalia mwanafunzi aliyekaribia jibu akageukia pembeni. "Na baba mkubwa aliota ndoto yangu?"

Nilirudi Kisii nikamweleza Bwana Omwenga. Alikuwa ameinama kwenye projekta, anapuliza vumbi.

"Hao watu walijua lugha ya hiyo sinema?" aliuliza.

"Hapana. Kulikuwa na msemaji."

"Basi shule waliiona, au waliambiwa?"

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Mimi, ninayemuuliza kila mtu "unajuaje?", nilikuwa nimezunguka dunia nzima kwa barua nikitafuta neno la mtu mwenye kipaza sauti.

"Tafuta kilichoingia machoni," alisema Bwana Omwenga. "Kilichoingia masikioni kiache."

Niliandika upya. Msichana milimani. Theluji. Kiti mgongoni, kimefungwa kwa kamba. Mbwa. Nyumba ya mawe, mwanamume mwenye koti jeusi, msichana anaketi. Sikutaja shule. Jibu lilikuja kutoka hifadhi moja ndogo Ulaya ya mashariki, limeandikwa na mtu ambaye Kiingereza chake kilikuwa kifupi kama subira yake: filamu hiyo tunayo, lakini hakuna shule ndani yake.

Walinikubalia nakala moja ya darasani. Ilipofika nilifunga mlango wa ofisi nikaitazama peke yangu, alasiri, mabati yakilia kwa mvua.

Kila kitu kilikuwemo. Mlima, kamba, mbwa mwenye sikio lililokunjika. Mara mbili nilijikuta nimeshika meza, kwani mtu aliyekuwa amenieleza picha hizi aliziona mara moja tu, akiwa mtoto, juu ya shuka lililokuwa likipepea, na hakuwa amekosea hata mahali kamba ilipopita begani. Nilikuwa nimemwambia ameota.

Lakini maandishi ya tafsiri chini ya picha yalisema mengine. Msichana anaozwa. Kiti ni cha mama yake aliyekufa, ndicho pekee anachopeleka kwa mume. Mwanamume mwenye koti jeusi ni bwana harusi, ana umri wa baba yake. Anafungua mlango, anamtazama msichana kutoka juu hadi chini, anasema: "Kiweke pale. Ng'ombe hawajakamuliwa." Msichana anaketi kwa sababu miguu imekataa. Filamu inaishia hapo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Katika kazi hii mtafundishwa kwamba mwalimu huambiwa kila kitu kilichomo kabla ya taa kuzimwa. Sikujua kama kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake yote yameketi juu ya kigoda kimoja. Mwishowe nilikwenda Sironga, kwa sababu sikupata hoja ya kunizuia, na niliitafuta.

Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha walimu. Nilimweleza yote, hata lile neno la ng'ombe. Alikuwa anatazama shamba la chai la ng'ambo, au anatazama mahali lilipo.

"Kwa hiyo baba mkubwa alidanganywa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na Tata pia."

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Ilete hivyo hivyo ilivyo. Wasichana wangu waone ng'ombe hao. Lakini Moraa, msemaji yule yuko hai? Nitafutie. Nataka kumuuliza kitu kimoja tu."

Kumpata hakukuwa kazi. Bwana Omwenga alikumbuka kwamba msemaji wa gari lile alikuwa kijana Mwislamu wa mjini, "na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, tulikuwa tunaona aibu." Niliulizia kwa wauza nguo wa soko la Daraja Mbili, wakanielekeza kwenye duka la mapazia mjini. Mzee Zuberi alikuwa amekaa kati ya marobota, kofia nyeupe kichwani, anamwambia mteja kwamba pazia analolitaka litamfanya aachwe na mume. Babu yake alikuja na biashara kutoka mbali, bibi yake alikuwa Mgusii wa Nyaribari, na yeye alizungumza kila lugha kama aliyezaliwa nayo peke yake.

Nilimweleza filamu. Hata sikufika kwenye mbwa.

"Sikio limekunjika," alisema. "Wacha! Bado ipo?"

"Ipo. Na hakuna shule ndani yake, mzee. Uliwadanganya watu."

Alicheka hadi marobota yakatikisika. "Binti yangu, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu."

"Na huko hawakukufundisha kumsalimia mtu kwanza, ndipo umwite mwongo?"

Nikasalimia. Akaniagizia chai. Nilipomwambia kuhusu Mwalimu Kwamboka, kigoda na macho, kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, hadi akabaki anazungusha kikombe.

"Kwa nini uliibadilisha?" nilimuuliza.

"Kuna sababu."

"Sababu gani?"

"Si yako," alisema kwa upole. "Nipeleke kwa huyo mama. Nitamwambia mwenyewe."

Tulikwenda siku ya Jumatano, si Ijumaa, hilo nimejifunza. Waya wetu ulihitajika. Wanafunzi wa kidato cha tatu walitundika mablanketi madirishani, na Mwalimu Kwamboka akaweka kiti chake cha plastiki karibu kabisa na ukuta wa picha, upande, ili jicho lililobaki lifike. Kigoda kilikuwa kwenye kona, kimefunikwa na kitambaa, boksi la chaki juu yake.

Kwanza tuliionyesha kama ilivyo, na sauti yake ya kigeni na maandishi chini. Nilikuwa nimetafsiri maandishi kwa Kiswahili na mwanafunzi mmoja alikuwa anayasoma kwa sauti, kwa ajili ya Mwalimu. Alipofika "Ng'ombe hawajakamuliwa," alikunja karatasi. Taa zikawashwa.

"Aliolewa tu hivyo?" msichana mmoja wa nyuma aliuliza. "Na hakusema kitu?"

"Angesema na nani?" akajibu mwenzake. "Mbwa?"

Wakacheka, kicheko cha watu ambao hawajafurahi. Mwalimu Kwamboka akainua mkono. "Sasa mtaiona jinsi nilivyoiona mimi."

Nilizima sauti. Mzee Zuberi alisimama kando ya ukuta, akakataa kipaza sauti, akasafisha koo.

Sitaweza kuwaeleza vizuri. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara nyingi mno, nikiisimamisha na kuirudisha, na nilidhani naijua. Yule mzee wa mapazia alifungua mdomo na mlima ukawa mlima mwingine. Alizungumza Ekegusii, wanafunzi wakainama mbele wote kwa pamoja. Msichana alipoanguka kwenye theluji, ambapo dakika chache zilizopita tuliona mtu asiyetaka kufika, sasa tuliona mtu anayeogopa kuchelewa. Uso ulikuwa ule ule. Machozi yale yale. Nilitazama kwa bidii ya mtu anayetafuta kosa, nikitaka kuona mahali ambapo picha ingemkana mzee huyu, na sikuona hata mahali pamoja. Darasani walikuwa wanamhimiza msichana yule. "Inuka, dada! Inuka!"

Msichana akafika kwenye nyumba ya mawe, akagonga. Hapo Mzee Zuberi akaniashiria nisimamishe. Picha ikakwama kwenye mlango uliofungwa.

"Hata siku ile nilisita hapa," alisema, sasa kwa Kiswahili, akimgeukia Mwalimu Kwamboka. "Mama, naambiwa unataka kuniuliza."

"Nataka kujua kwa nini ulimdanganya baba yangu."

"Siku moja kabla, tulionyesha sinema hii Nyamira. Pale niliisema kama ilivyo. Tulikuwa tumepewa karatasi ya maelezo, nikasema msichana anaozwa, watu wakaenda kulala na huzuni yao. Kesho yake tukaja sokoni kwenu. Tunafunga shuka kwenye nguzo, akaja mtu mmoja mrefu, kigoda mkononi. Akasema, 'Msemaji, jana nilikuwa Nyamira kuuza ndizi, nikakusikia. Yule msichana ulimpeleka kuolewa. Leo mpeleke shule.'"

Mwalimu Kwamboka alikigeuza kiti chake, akamwelekea.

"Nikamwambia, baba, haiwezekani, picha ni ile ile. Akasema, 'Picha ni ile ile, lakini mdomo ni wako. Kaka yangu mkubwa atakaa mbele kabisa. Mimi siwezi kumpinga. Mpinge wewe.'" Mzee alitabasamu kidogo. "Akaniletea mkungu wa ndizi, tukala njia nzima hadi Keroka. Hakukaa kwenye kigoda chake jioni ile. Alisimama nyuma mpaka mwisho, ananitazama mimi badala ya sinema."

Nitawaambia nilichowaza, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu na siwezi kujifanya vingine. Niliwaza: huyu ni mtunzi. Mimi mwenyewe nilimpa kigoda, nilimpa baba na baba mkubwa, kule dukani, juu ya chai. Ameshona vipande nilivyompa, kama anavyoshona mapazia, ili mama mmoja afurahi. Nilikuwa na swali mdomoni tayari.

"Aliponiomba," Mzee Zuberi aliendelea, "alinishika mkono hapa. Sijasahau, kwa sababu nilishtuka. Vidole vilikuwa vitatu."

Mwalimu Kwamboka aliinua kichwa.

"Mkono upi?"

"Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kigoda."

Mwalimu akasema, si kwetu, "Panga la kupogolea chai lilimkata. Sijazaliwa bado."

Hakuna mtu aliyenitajia vidole. Nilikuwa nimemuuliza mama huyu kila kitu kuhusu kamba, mbwa na koti jeusi, muhula baada ya muhula, na sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu mkono wa baba yake. Swali langu likarudi nilikolitoa. Nilisimama kando ya projekta nikisikia feni yake ikivuma, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikutaka kujua zaidi. Kile tulichokuwa nacho chumbani kilitosha, kilizidi. Mwanamume asiyekuwa na sauti alikwenda akaazima ya mtu mwingine, akaipitisha kwenye filamu ya nchi asiyoijua, ikamfikia kaka yake aliyekaa mbele. Halafu akanyamaza juu ya jambo hilo hadi akafa.

Mwalimu Kwamboka aliinuka. Alikwenda kwenye kona kwa kupapasa ukuta, msichana mmoja akataka kumsaidia, akakataa kwa mkono. Akaondoa boksi la chaki, akaondoa kitambaa. Akakibeba kigoda mwenyewe hadi mbele, akakiweka karibu na ukuta kiasi kwamba kivuli chake kiliingia kwenye theluji, akakikalia. Tangu amalize shule ya msingi, alituambia baadaye, hakuwa amekikalia tena.

"Endelea, mzee," alisema. "Amegonga mlango."

Niliachilia picha. Mlango wa nyumba ya mawe ukafunguka, mwanamume mwenye koti jeusi akatokea, akamtazama msichana kutoka juu hadi chini. Midomo yake ikaanza kusogea.

"Umechelewa," alisema Mzee Zuberi, "lakini nafasi yako ipo."